Filimu au dijitali? Jibu kwa rafiki anayekuja kupiga foto Miti



Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye Bukavu, sasa yuko Bruxelles, ameniandikia ujumbe mrefu. Anakuja mwezi wa saba. Amepata kamera kubwa ya zamani, ile yenye mfuko unaokunjuka kama akordeo, ambayo fotografe anajifunika kitambaa cheusi kichwani ndipo aone kitu. Anataka foto za rangi: milima yetu kuanzia barabara ya kwenda Tshivanga mpaka Kahuzi, halafu wazee wa hapa, mmoja mmoja, wakiwa wamekaa mbele ya nyumba zao. Swali lake ni fupi: "Yaya, nilete filimu, ao nikodishe ile mashine ya dijitali ya kuweka nyuma ya kamera?"

Ninajua wengine mtacheka. Umeme unakatika, kilo ya nyama haikamatiki, na sisi tunabishana juu ya vifaa vya matajiri. Lakini tulieni kidogo. Foto za Kivu zinazojulikana zaidi katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani zilipigwa kwa kamera kubwa na filimu ya rangi. Ndani ya foto hizo milima yetu ni ya rangi ya waridi. Kwa hiyo swali la rafiki yangu si la vifaa tu. Lilikwisha kujibiwa na mtu mwingine, hapa kwetu, bila sisi kuulizwa. Ninataka kulipima jibu lile kabla sijatoa langu.

Kwanza tuelewane kuhusu kamera yenyewe. Kamera kubwa haitumii mkanda wa filimu. Inatumia karatasi moja moja, na kila foto ni karatasi yake. Karatasi ya kawaida ni inchi 4 kwa 5, yaani sentimita 10 kwa 12 na nusu hivi. Kubwa zaidi ni inchi 8 kwa 10, karibu ukubwa wa ukurasa wa daftari la univ. Upande wa dijitali kuna kile Wafaransa wanakiita dos numérique, mimi nitaita mgongo wa dijitali: kisanduku kinachofungwa mahali pa karatasi, ndani yake kuna kihisio cha mwanga. Kihisio kikubwa cha aina hiyo, kama kile cha Phase One cha pikseli milioni 150 kilichotoka 2018, kina sentimita 5.3 kwa 4 tu. Pigeni hesabu: karatasi ya 4 kwa 5 inakizidi eneo mara sita, na ya 8 kwa 10 mara ishirini na kitu.

Hesabu hiyo ina maana gani ukiwa umesimama Miti? Lenzi ile ile inayoweza kushika mlima mzima kwenye karatasi, ukiweka mgongo wa dijitali inashika kipande cha katikati tu. Utatafuta lenzi nyingine ya bei kali, ao upige vipande vitatu ama vinne na kuviunganisha kwenye ordinateri. Na mawingu ya Kahuzi hayakusubiri. Kipande cha kwanza kina wingu, cha tatu halipo tena.

Kuna dijitali ya aina nyingine, migongo inayosoma picha mstari kwa mstari kama mashine ya kuskani. Hiyo inashika eneo kubwa zaidi, na inasoma nyekundu, kijani na bluu kwenye kila pikseli. Mchoro uliotundikwa ukutani, sanamu ya makumbusho, kwa kazi hizo ni nzuri sana. Lakini foto moja inaweza kuchukua dakika kadhaa. Nani amekwisha kuona mgomba ukatulia dakika tatu? Kila jani litatoka limekatika vipande vyenye rangi za ajabu. Mzee naye atapumua, atageuza kichwa kusalimia mpita njia. Mashine hiyo tuiache huko huko makumbusho.

Kuhusu ukali wa picha peke yake, mimi ninaona ugomvi umekwisha. Karatasi ya 4 kwa 5 ikiskaniwa vizuri inatoa pikseli zaidi ya milioni 100. Mgongo wa dijitali unafika hapo bila chembechembe na bila vumbi la kuskani. Ukitundika foto mbili ukutani, za mita moja na nusu, watu wengi hawatajua ipi ni ipi. Na kile kinachoifanya kamera kubwa kuwa ya pekee, kuinamisha lenzi mpaka jani la kiazi lililo mbele ya miguu yako na mlima wa mbali vyote viwe vikali, kinafanya kazi kwa filimu na kwa dijitali vile vile. Tofauti ya kweli iko mahali pengine.

Sasa twende kwa yule muzungu wa foto za waridi.

Anaitwa Richard Mosse, Mwairishi, kazaliwa 1980. Alianza kuja Kivu mwaka 2010. Alikuja na filimu ya Kodak inayoitwa Aerochrome, ambayo kampuni iliacha kuitengeneza karibu wakati huo huo. Mfululizo wa kwanza aliuita Infra. Halafu ikaja The Enclave, filamu ya skrini sita, ambayo Trevor Tweeten alishika kamera ya milimita 16 na Ben Frost akatengeneza sauti. Mwaka 2013 Ireland iliipeleka Venice kwenye Biennale, na 2014 Mosse akapata tuzo ya foto ya Deutsche Börse. Siyo mtu wa kupuuza.

Mara ya kwanza nilipoona foto zake nilikuwa mwanafunzi. Tulikuwa chumbani, umeme umekatika, mwenzetu mmoja akazunguusha telefone yake. Nikamwambia: "Ndugu, telefone yako imeingia maji." Nyasi zilikuwa kama damu iliyochanganywa na maziwa. Askari wamesimama kwenye kichaka cha waridi kama wako kwenye keki ya harusi. Tulicheka. Halafu mmoja wetu akaacha kucheka, akasema: "Lakini hii ni huku kwetu." Kweli. Umbo la milima halidanganyi.

Ile rangi si ya kompyuta. Aerochrome inaona mwanga wa infraredi, ule uliopita wekundu na ambao jicho halioni. Majani mabichi yanaurudisha mwanga huo kwa wingi, na filimu inauandika kama nyekundu na waridi. Ilibuniwa kwa ajili ya jeshi, wakati wa vita vya pili vya dunia. Kitambaa kilichopakwa rangi ya kijani kinadanganya jicho, lakini hakirudishi infraredi kama jani lenye uhai. Ukipiga kutoka kwenye ndege, kichaka cha kweli kinawaka wekundu, na turubai lililofunika mizinga linabaki na rangi nyingine. Ni filimu ya kumtafuta aliyejificha. Kuileta kwenye vita ambavyo dunia imezoea kuvipita bila kuvitazama, hilo ni wazo zito, na mimi ninamvulia kofia.

Wengi walimlaumu kwamba amepamba vita. Lawama hiyo mimi siichukui. Foto za kijivu za watoto wanaolia tumezipata miaka mingi, na hazikutuletea heshima zaidi. Lawama zangu ni mbili, nazo ni tofauti.

Ya kwanza ni ya kijani. Mtu wa Miti anausoma mlima kwa kijani chake. Kijani cheusi kile ni msitu wa park. Kile kinachong'aa, kilichokatwa sawasawa kama nywele za mwanajeshi, ni chai. Kile cha bluu bluu ni mikaratusi, mtu amepanda ili apate mbao na makala. Kile kilichochanika ni migomba, maana yake pana nyumba chini yake na kuna kasiksi. Ukiona kijani cha migomba kinageuka manjano kabla ya wakati, moyo unashtuka, juu unajua mnyauko umefika kwa jirani na kesho uko kwako. Katika foto zile herufi hizo zote zinaingia ndani ya waridi moja. Mtu wa New York hapotezi kitu, maana hakuwahi kuzisoma. Sisi tunapoteza ukurasa mzima.

Na hapa pananiuma zaidi: filimu ile ina herufi zake yenyewe. Watu wa misitu na kilimo waliitumia miaka mingi kupigia foto kutoka kwenye ndege, kwa sababu mmea mgonjwa hubadilisha jinsi unavyorudisha infraredi, na mti wa majani mapana unatoka tofauti na mti wa majani ya sindano. Yaani waridi ile ni lugha. Anayejua anaweza kusoma shamba lipi lina afya. Mosse ametuonyesha kurasa za lugha hiyo zikiwa kubwa na nzuri, lakini ameacha kutoa ufunguo wa kusomea. Kilichokuwa habari kimegeuka pambo. Angalia hata majina. Foto nyingi zake amezipa majina ya nyimbo za Marekani na Ulaya: Nowhere to Run, Men of Good Fortune. Milima hiyo ina majina. Ukimuuliza mtoto yeyote anayechunga mbuzi pale, atakutajia.

Lawama ya pili ni ya njia ambayo karatasi inapita. Filimu ya rangi haiwezi kuonyeshwa papo hapo. Lazima iende maabara, kwenye dawa inayokaa karibu nyuzi 38 bila kupanda wala kushuka. Bukavu zamani tulikuwa na mashine za kusafisha mikanda midogo. Karatasi kubwa za rangi, hata siku zile, zilibidi zipande ndege. Kwa hiyo aliyepigwa anamwona fotografe akiondoka na uso wake ndani ya sanduku. Filimu inalazimisha hivyo hata kama fotografe ana roho nzuri namna gani. Na mwisho wa safari unashangaza: kazi za Infra zinaandikwa ukutani kwamba ni digital C-print. Karatasi ya filimu iliskaniwa, ikawa faili, na mashine ikaichapa kwa mwanga kwenye karatasi ya foto. Kwa hiyo wale wanaopigana "filimu safi" na "dijitali safi" wanapigania kitu ambacho hakipo hata kwa bingwa wao.

Basi filimu ilimpa Mosse nini? Kwa mawazo yangu, ilimpa kanuni ambayo hakuweza kuiibia. Leo ukitoa kichujio kinachozuia infraredi mbele ya kihisio cha dijitali, kihisio kinauona mwanga huo bila shida, na jioni kwenye ordinateri unachagua mwenyewe: waridi, machungwa, bluu. Ukiamua nyasi ziwe zambarau, zitakuwa. Aerochrome haikumuuliza. Tabaka zake tatu zilipanga rangi kiwandani, na yeye alibeti tu, karatasi kwa karatasi, akiwa na idadi ndogo ya kuchezea. Beti hiyo unaiona kwenye kazi. Watu wamesimama kama watu wanaojua kwamba hakuna mara ya pili.

Hayo yote ni ya ukutani. Sasa niseme ya nyumbani, juu huko ndiko jibu langu linatoka.

Papa alikuwa fotografe hapa Miti tangu miaka ya 80. Mikanda midogo, foto 36. Mteja alilipa nusu, akasubiri mkanda ujae, halafu papa apande gari mpaka Bukavu, asubiri tena, arudi. Wiki mbili, mara nyingine mwezi. Wengine walikufa kabla foto haijafika. Muzee aliniambia kwamba aibu kubwa ya kazi ile ilikuwa kupeleka foto kwenye matanga. Kulikuwa na aibu nyingine ya harusi: bwana harusi mweusi wa suti nyeusi, bibi harusi wa gauni jeupe, na mashine ya kuchapa inakata shauri yenyewe. Ama gauni linatoka zuri na nyuso zinakuwa makaa, ama nyuso zinaonekana na gauni linapotea. Watu walimlaumu papa. Baadaye nikasoma kwamba kosa lilianzia mbali. Kodak ilipima rangi zake kwa kadi zenye foto za wanawake weupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na mtafiti wa Canada Lorna Roth ameeleza kwamba waliolalamika mpaka filimu ikaboreshwa kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa meza za mbao. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu. Filimu za leo zimebadilika sana. Negativu ya rangi ya siku hizi inavumilia gauni jeupe na anga la mchana kuliko vihisio vingi, ambavyo mwanga ukizidi vinaacha tundu jeupe lisilorudi. Kwa hiyo kesi ile ya zamani haipo kwa namna ile ile. Lakini ni vizuri mjue kwamba rangi ya filimu haikushuka kutoka mbinguni. Watu walikaa mezani wakaamua ni uso wa nani utapimiwa.

Mwaka 1996 wakati wa vita nyumba yetu iliporwa. Kamera ilikwenda, radio ilikwenda, hata mlango. Negativu zilimwagwa chini, juu mwizi afanyie nini mikanda ya kahawia? Mama akaziokota, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mpaka leo kopo liko.

Mimi nilianza kazi na kamera ya dijitali mwaka 2009. Nilijiona mjanja. Hakuna kusubiri, hakuna Bukavu, mteja anaona uso wake pale pale. Nilipiga harusi, ubatizo, mahafali, foto maelfu, zote kwenye disiki moja nje ya ordinateri. Mwaka 2016 disiki ikaanza kulia kama panya, kesho yake ikanyamaza. Fundi wa kwanza alishindwa, wa pili alitaka pesa ambazo sikuwa nazo.

Mwaka uliopita watu wawili walifika nyumbani, wiki moja, kila mmoja kwa siku yake. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo. Akasema: "Muzee wako alipigaka mama yangu, soko, kabla ya vita. Sina foto yake hata moja." Tulifungua kopo. Nyingine zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, nyingine zimeota ukungu, hizo tulizipoteza. Siku ya pili tukampata. Nikaweka negativu juu ya skrini nyeupe ya ordinateri, nikaipiga kwa telefone, nikageuza rangi. Rangi zilikuwa zimefifia kidogo, lakini mama alikuwa pale, na kitenge chake, na kikapu. Yule binti yake hakusema kitu muda mrefu.

Wa pili alikuwa kijana wa rika langu. Nilimpigia harusi 2013. Mke wake amefariki, telefone yenye foto zao iliibiwa. Alikuja kwangu akiwa na hakika kabisa. Nilimweleza habari ya disiki. Akasema: "Hakuna shida, kaka." Ilikuwa shida. Nilimsindikiza mpaka kwa motari, hatukuongea.

Kwa sababu hiyo mimi siwezi kumwambia rafiki yangu kwamba dijitali ni ya sasa na filimu ni ya wazee. Wala siwezi kusema kinyume, maana nimeona pia aibu ya foto inayofika kwenye matanga. Kila moja ina namna yake ya kumsaliti mtu aliyekaa mbele ya kamera. Filimu inamnyima foto leo. Dijitali inaweza kumnyima kesho.

Mkongomani aliyenifundisha kutochagua upande mmoja ni Sammy Baloji wa Lubumbashi. Katika Mémoire, ya 2006, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, zilizotoka kwenye arshivu ya wakoloni, akazikata na kuziweka kwa kompyuta juu ya foto za rangi alizopiga mwenyewe kwenye magofu ya viwanda. Wale watu waliofungwa shingo wanasimama tena mbele ya kiwanda kilichokufa. Bila picha za zamani zilizodumu, kazi ile isingewezekana. Bila dijitali pia isingewezekana. Na tofauti na waridi ya Mosse, pale unajua unasoma nini: huyu alikuwepo, hiki ndicho kilichobaki.

Basi, ndugu yangu wa Bruxelles, jibu langu ni hili.

Mgongo wa dijitali usikodishe. Ukinunuliwa mpya ule mkubwa ni wa bei kali sana, na hata wa kukodi utataka amana. Utaubeba ukiogopa kila motari na kila kizuizi cha barabarani, na hofu hiyo itaonekana kwenye nyuso za wazee unaowapiga. Ukiharibika Jumatatu, hakuna fundi mpaka uvuke mipaka. Betri zake nazo zinataka umeme ambao sikuahidi.

Kwa milima leta karatasi za filimu ya rangi, ishirini tu. Kila moja, ukijumlisha kuinunua, kuisafisha na kuiskani Ulaya, inapita dola 10, basi ishirini zinatosha kukufanya ufikiri. Uwanja wa ndege omba wazikague kwa mkono, juu mashine mpya za kukagua mizigo zinaunguza filimu. Kumbuka mwezi wa saba ni kiangazi: vumbi litaingia kwenye vishikio vya karatasi, na moshi wa mashamba utafunika Kahuzi kuanzia saa tatu. Amka saa kumi na moja. Kahuzi ina mita 3,308 lakini siku nyingine haionekani kabisa, usiipige kwa hasira. Piga kijani chetu kikiwa kijani, kila kimoja na jina lake, na uandike jina la mlima kwa kuwauliza wenye mlima.

Kwa wazee, leta pia kamera ndogo ya dijitali, ile ya kawaida. Kila mzee umpige kwanza na hiyo. Umwonyeshe. Tutachapa Bukavu wiki hiyo hiyo, na foto utamkabidhi mkononi mwenyewe, siyo kunitumia mimi. Baada ya hapo ndipo ufungue ile kamera kubwa na kumwomba karatasi moja. Nilimweleza shangazi yangu mpango huu, yeye ambaye foto yake pekee ya karibuni ni ile ndogo ya kwenye karte. Akauliza: "Ile kubwa nayo atanirudishia siku gani? Bote banasemaka batarudi." Sikuwa na jibu. Unalo wewe.

Kwa hiyo kuna sharti moja. Negativu zikisafishwa na kuskaniwa, wewe baki na faili, uzitundike Bruxelles, uziuze kama utapata mnunuzi. Negativu zenyewe zirudi Miti. Sina jumba la makumbusho. Nina kopo jipya lenye kifuniko kizuri, na mifuko midogo ya kunyonya unyevu kutoka kwenye maboksi ya viatu. Na kila faili iwe mahali patatu, siyo kwenye disiki moja kama ya mjinga mmoja ninayemfahamu.

Ninyi wengine mnaosoma, wengi wenu hamtagusa kamera kubwa maishani. Lakini nyumbani kwenu, chini ya kitanda cha wazazi ao juu ya kabati, kuna bahasha ya mikanda ya kahawia. Mwezi huu wa mvua ukungu unafanya kazi. Itoeni, muifute kwa kitambaa kikavu laini, muishike kwa pembeni, muipige kwa telefone juu ya skrini nyeupe, mugeuze rangi. Halafu mmuulize mama ni akina nani, na muandike majina siku hiyo hiyo. Yule wa kwangu aliyekuja kutafuta harusi yake bado ninamkumbuka kila nikipita njia ya kwao.